KUSOMEA KAZI YA ZIMAMOTO: CHUO KIKO HANDENI

Sisi wa pwani ya Tanga tunaujua moto wa makuti. Cheche moja ikiruka kutoka jikoni hadi paani, na upepo wa bahari ukivuma, nyumba haichukui muda. Watu hukimbilia ndoo. Wengine hutoa vitanda na magunia. Wengine hubomoa paa la nyumba ya pili ili moto usivuke. Hiyo ni kazi ya ujirani, nayo imeokoa nyumba nyingi.

Lakini wako watu waliosomea kazi hiyo, wanalipwa mshahara, na wameapa kuifanya usiku na mchana. Hao ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Je, kijana wa Usagara, Pongwe au Muheza akitaka kazi hiyo, atasomea wapi? Jibu liko hapa hapa mkoani kwetu. Chuo cha jeshi hilo kiko Chogo, wilaya ya Handeni. Ukitoka Tanga mjini unapita Muheza, kisha Segera. Wengi wanalijua jina la Chogo kwa jambo jingine. Ndiko walikopewa makazi Wazigua waliorudi kutoka Somalia wakikimbia vita iliyoanza 1991. Mababu zao walichukuliwa utumwani huko katika karne ya 19.

Zamani kazi ya zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 iliunda jeshi moja la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa hiyo anayejiunga ni askari kamili. Anaweza kupangiwa Tanga, na anaweza kupangiwa Kigoma. Mzazi alijue hilo mapema.

ANAFUNDISHWA NINI?

Kuruta huanza na kwata na mbio. Hujifunza kutii amri, kufunga kamba, kupanda ngazi, na kukunjua mipira ya maji upesi bila kuikunja vibaya. Mpira wenye maji yenye nguvu huweza kumwangusha mtu mzima. Ndiyo maana hushikwa na watu wawili au zaidi.

Kisha hufundishwa moto wenyewe. Moto umekaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kitu kinachoungua. La pili ni hewa. La tatu ni joto. Ukiondoa figa moja, chungu huanguka. Maji huondoa joto. Blanketi zito lililoloanishwa huondoa hewa. Kubomoa paa la jirani ni kuondoa kitu cha kuungua. Wazee wetu walilijua somo hili kabla ya chuo kujengwa!

Lakini maji hayazimi kila moto. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji, huelea juu yake na kwenda kuwaka mahali pengine. Moto wa petroli huzimwa kwa povu maalumu. Moto wa umeme nao haumwagiwi maji, kwa sababu maji hupitisha umeme na kumuua anayezima. Na mama anayekaanga maandazi, mafuta yakishika moto, asimwage maji kamwe. Mafuta yataruka na kumuunguza. Azime jiko, afunike karai kwa mfuniko, aache lipoe.

Tena moshi huua kuliko ndimi za moto. Askari anayeingia ndani huvaa kinyago usoni na mtungi wa hewa mgongoni. Hewa ile si nyingi. Mtu anayefanya kazi ngumu anaweza kuimaliza kwa nusu saa, au chini ya hapo. Kwa hiyo hujifunza kupumua kwa utulivu, kutambaa gizani, na kuacha mkono mmoja ukutani ili aijue njia ya kurudi. Kijana anayeogopa giza au mahali pembamba ajipime mwenyewe kwanza. Si aibu. Kazi nyingine zipo.

Neno "uokoaji" nalo lina maana kubwa. Mtu akizirai ndani ya kisima, ndugu yake huteremka kumtoa, naye huzirai. Wa tatu hufuata. Sababu ni hewa mbaya iliyotulia chini. Askari hateremki bila mtungi wa hewa na kamba. Ajali kama hiyo ikitokea kwenu, msiteremke. Pigeni simu namba 114. Haina malipo.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota mafuta. Moto ulilipuka, na watu zaidi ya 100 walikufa. Mvuke wa petroli hauonekani, nao hutambaa chini kama maji. Cheche ndogo inatosha. Askari akifika mahali kama hapo, jambo la kwanza ni kuwaondoa watu.

MVUVI ALIYEPEWA KAZI

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alieleza kuwa alitumia kasia kuvunja mlango. Watu 24 walipona, na 19 walikufa. Kesho yake ilitangazwa kuwa Rais Samia Suluhu Hassan ameagiza kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Watoto wetu wa pwani nao huogelea tangu wadogo. Hiyo ni mali. Lakini wengi hawataingia kwa mlango wa Majaliwa. Wataingia kwa mlango wa vyeti.

KUJIANDAA

Jeshi huajiri kwa tangazo. Kwa kawaida hutakiwa raia wa Tanzania aliyemaliza kidato cha nne, mwenye afya njema, asiye na kosa la jinai wala michoro mwilini. Urefu hupimwa, na umri huangaliwa. Udereva wa magari makubwa, ufundi umeme, ufundi bomba, uuguzi na kuogelea huweza kumsaidia mwombaji. Wasichana nao huchukuliwa.

Karatasi huwaangusha wengi. Kijana anaitwa Juma Shabani katika cheti cha kuzaliwa, na Juma Athumani katika cheti cha shule. Majina yalingane katika cheti cha RITA, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule. Kurekebisha jina huchukua muda mrefu, na tangazo hukaa siku chache tu.

Mbio zianze sasa. Kilomita tano asubuhi kabla ya shamba, mara tatu kwa wiki, si nyingi kwa kijana.

Na wako matapeli. Tangazo likitoka, mtu hupiga simu, anasema yeye ni mkubwa jeshini, anataka laki tano ili jina la mwanao lipite. Maombi hayalipiwi. Andika namba yake, ipeleke polisi. Mbuzi wako abaki bandani.