Je, Wajua Kwamba Jaa la Dandora Halichorwi kwa Duara?

Jaa la taka la Dandora, jijini Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanamwaga. Ukubwa wake ni hekta 12 hivi. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake hutolewa bure, huigawa ardhi katika miraba ya mita 10 kwa 10, kwa hiyo jaa zima huenea katika miraba 1,200 tu. Kwa picha hizo, programu ya bure ya kuchora ramani ya QGIS na kompyuta ya kawaida, kijana wa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, anaweza kuanza kujifunza uchanganuzi wa data za mahali. Mara nyingi huanza na duara: pima kilomita moja kulizunguka jaa, hesabu shule zilizo ndani, sema hizo ndizo zilizo hatarini. Kwa Dandora, duara hilo linapotosha. Upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka mashariki, hivyo moshi husukumwa magharibi, upande wa mtaa wa Korogocho. Mto Nairobi, unaopita ukingoni mwa jaa, huelekea mashariki, na uchafu uingiao humo huwafikia watu walio mbali kabisa na duara. Kwanza ujue sumu inasafirije, ndipo uchore.

Wapo watakaosema kwamba wenyeji wa Dandora hawahitaji ramani ili kujua wanachovuta puani. Moshi wanaujua, naam, lakini madini ya risasi hayana harufu. Katika utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) wa mwaka 2007, watoto 328 wa karibu na jaa walichunguzwa, na takriban nusu ya waliopimwa damu walikutwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi kwa kila desilita ya damu. Hakuna mzazi ambaye angeligundua hilo kwa macho, na hilo linaumiza. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukaribu hauthibitishi chanzo, kwani hata petroli ya zamani iliacha risasi katika vumbi la barabara. Ndiyo maana watafiti hao walichukua pia udongo wa Waithaka, upande mwingine wa jiji, na ule wa Dandora ukaonekana kuwa na risasi nyingi zaidi. Nukta hiyo moja ya mbali ndiyo inayoipa ramani nguvu. Anayepima Dandora peke yake hatakuwa na jibu afisa wa kaunti atakapouliza kama hali si hiyohiyo jiji zima, na ataulizwa kabla hata shilingi moja ya kusafisha haijatengwa.