Madoa ya Kijivu Juu ya Mchungwa Wako

Kama una mchungwa au mwembe mzee karibu na nyumba yako, nenda ukatazame shina lake kwanza, kisha urudi kusoma. Yamkini utaona madoa ya kijivu, meupe, au ya manjano, yameshikamana na gome. Mwaka jana mzee mmoja alikuja ofisini kwangu kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake, akaniambia: "Mwanangu karani, michungwa yangu miwili nimeikata, ilishikwa na ukoma. Kesho naukata wa tatu."

Nilisikitika, maana ule haukuwa ukoma. Wataalamu huuita kuvumwani, na jina lenyewe lakupa habari yake: ni kuvu na mwani waliokaa pamoja hata wakaonekana kitu kimoja. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1867 na Bwana Simon Schwendener wa Uswisi, na wakubwa wa elimu hiyo hawakumsadiki. Bwana William Nylander, bingwa wao, alikataa katakata, ingawa ndiye aliyeandika mwaka 1866 kwamba kuvumwani hukimbia hewa chafu ya mji wa Paris. Macho makali kama yale, na bado hili hakuliona!

Basi wanaishije? Kuvu ni jamaa ya uyoga, haiwezi kujipikia chakula. Mwani ni chembe ndogo za kijani, huwezi kuziona moja moja bila darubini ya kukuzia, nazo hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, hewa na maji. Kuvu hufuma nyuzi zake kuwa ukuta na dari, hushika jiwe au gome, hutunza umande, na kuukinga mwani na jua kali. Kodi ya nyumba hiyo ni sukari, tena si kidogo.

Je, huo ni ushirika au utumwa? Schwendener aliifananisha kuvu na bwana, na mwani na watumwa wake. Mimi nakubali nusu tu. Aina kadhaa za mwani huo hupatikana zikiishi peke yake, lakini kuvu ya namna hii ikikosa mwani haiendelei porini. Sasa nani anamtegemea mwenziwe zaidi? Tena mwaka 2016 Bwana Toby Spribille na wenzake walieleza kwamba katika gamba la nje la aina nyingi mna mpangaji wa tatu, kuvu nyingine ya namna ya hamira.

Wazee wa pwani walikuwa na habari zake zamani. Marere yaliyokusanywa katika miti ya pwani yetu ni kuvumwani. Katika karne ya 19 yalipakiwa merikebuni kwenda Ulaya kutia nguo rangi ya zambarau, mpaka rangi za viwandani zikayaondoa sokoni. Hata karatasi ya litmasi tuliyoichovya katika maji ya ndimu chuoni, rangi yake asili yake ni jamaa za marere.

Turudi kwa mchungwa. Chakula cha kuvumwani chatoka katika jua na hewa, wala haina mizizi ya kunyonya utomvu. Mti kwake ni kiti tu. Lakini mti ukidhoofika kwa uzee au wadudu, majani hupungua, mwanga hupenya, na madoa huzidi. Ndipo watu husema madoa yameuua mti. Tena yanakua polepole mno: aina nyingine za mawe hazifikishi milimeta moja kwa mwaka. Doa pana kama kiganja laweza kuwa na umri kuliko wewe.

Nilikwenda kwa yule mzee asubuhi yake. Panga lilikuwa limekwisha kunolewa. Nikaomba maji katika kikombe, nikadondosha matone machache juu ya doa kavu la kijivu. Punde likageuka kijani mbele yetu, maana gamba likilowa mwani wa ndani huonekana. Mzee akainama, akaligusa kwa kidole, akadondosha maji mengine mwenyewe juu ya doa la pili, na la tatu. Kisha akaniuliza kwa nini sikuja juzi.