Kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa wodini

Saa za kuwaona wagonjwa zinapowadia, waamini wa parokia za Temeke, mmoja mmoja au pamoja na Jumuiya zao Ndogo Ndogo, huenda hospitalini kutimiza tendo la huruma la kuwatembelea wagonjwa. Pengine yule waliyemwacha jioni akizungumza hufariki kabla ya mapambazuko. Ndugu husema, “Alibadilika ghafla.” Hata hivyo, mara nyingi mwili huwa umekwisha kutoa ishara saa kadhaa kabla.

Ili ishara hizo zisipotee, wataalamu wameunda mfumo wa alama za tahadhari ya mapema. Ule unaojulikana zaidi ulitolewa na Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha Uingereza mwaka 2012, ukaboreshwa mwaka 2017. Muuguzi hupima mambo sita: idadi ya pumzi kwa dakika, oksijeni katika damu, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, joto la mwili na hali ya fahamu. Kila kipimo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kadiri kinavyokuwa mbali na hali ya kawaida. Anayesaidiwa kwa oksijeni huongezewa alama 2.

Tutoe mfano. Mgonjwa mwenye fahamu kamili anapumua mara 22 kwa dakika (2), oksijeni yake ni asilimia 94 (1), mapigo ni 112 (2), joto ni nyuzi 38.4 (1) na presha ya juu ni 108 (1). Kila kipimo kikitazamwa peke yake hakitishi sana. Lakini jumla ni 7, na hiyo ni dharura. Kuanzia alama 5, mgonjwa hupaswa kuonwa na daktari kwa haraka. Hata alama 3 katika kipimo kimoja tu huhitaji uangalizi wa daktari. Mizani hii ni ya watu wazima. Haiwahusu watoto wala wajawazito, ambao wana mizani yao.

Namba pekee haziponyi. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ulijaribiwa utaratibu uliounganisha kila kipimo cha hatari na hatua ya kuchukuliwa papo hapo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Funzo lake ni wazi: kupima bila kutenda ni kuandika tu.

Nasi tunaomtembelea mgonjwa tunalo jukumu. Ukiona anahema upesi kuliko jana, anachanganyikiwa, amepauka na kutoka jasho baridi, au haamki kama kawaida, mwite muuguzi mara moja. Wala usione haya kumwita tena. Aidha, tusingoje dakika za mwisho kumwita padre. Mpako wa Wagonjwa ni kwa ajili ya kila mwamini aliye katika ugonjwa mzito, si kwa anayekata roho tu. Sala na uangalizi wa kitabibu havishindani: aliyepiga magoti kando ya kitanda ndiye aliye karibu zaidi kusikia pumzi inapobadilika.