Kwa Nini Manowari Huogopa Mashua Ndogo

Huenda msomaji wetu wa Kibera au Kawangware akauliza, "Mambo ya manowari yanihusu nini mimi niliye mbali na bahari?" Yanamhusu. Mafuta ya taa, ngano nyingi ya mandazi na mitumba ya soko la Toi hupitia bandari ya Mombasa, ambako ujenzi wa reli ile ipitayo Kibera ulianza mwaka 1896. Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli za biashara katika Bahari ya Shamu, mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi ziliacha njia ya Suez zikaizunguka Afrika kwa kusini. Safari ikirefuka, gharama hupanda. Manowari ndizo zitumwazo kulinda njia kama hizo. Lakini nazo zinahitaji kulindwa.

Manowari ikiwa katikati ya bahari, adui huonekana kwa rada tangu mbali. Hatari kubwa huwa bandarini, inapotia mafuta, huku vyombo vidogo vya kila namna vikipita kandokando yake. Tarehe 12 Oktoba 2000 manowari ya Marekani, USS Cole, ilikuwa katika bandari ya Aden. Mashua ndogo yenye watu wawili iliisogelea mchana kweupe. Kumbe imejaa baruti. Mabaharia 17 walikufa. Miezi tisa kabla ya hapo kundi lilo hilo lilikusudia kuipiga manowari nyingine, The Sullivans, lakini mashua yao ilizama kwa uzito wa baruti. Kwa kuwa jambo hilo halikujulikana wakati ule, hakuna aliyeonywa.

Basi kinga yenyewe ni kumzuia mgeni kabla hajafika. Wapiga mbizi hukagua chini ya meli, na mashua za askari huizunguka. Katika maji ya Marekani sheria humwamuru kila mwenye chombo aende polepole akiwa ndani ya yadi 500 za manowari, wala asiikaribie kwa yadi 100 bila ruhusa. Asiyetii huonywa kwa kipaza sauti na kwa taa, kisha kwa risasi ya onyo. Lakini mashua iendayo maili 20 kwa saa hukata yadi 500 kwa muda usiotimia dakika moja, na katika muda huo mlinzi hana budi kuamua kama yule ni adui ama ni mvuvi. Mwezi wa Julai 2012, karibu na Dubai, meli ya jeshi la Marekani iliipiga risasi mashua ya uvuvi. Mhindi mmoja, mvuvi, akafa. Siku hizi kuna na mashua zisizo na mtu ndani, ambazo Ukraine imezitumia tangu mwaka 2022 dhidi ya manowari za Urusi. Hizo hata ukizipigia kelele hazijibu.

Hapa Kenya, baada ya wageni kutekwa katika pwani ya Lamu mwaka 2011, wavuvi wa huko walikatazwa kwa miaka kadhaa kuvua usiku. Askari alitaka bahari tupu ili kila chombo akionacho gizani kiwe cha kushukiwa. Mvuvi naye alipoteza saa zake za kazi, na nyumbani watoto walingoja chakula. Kwa maoni yetu hasara hiyo ilikuwa hata ya askari mwenyewe, maana mvuvi wa Lamu huvijua vyombo vya kwao kwa tanga na kwa mlio wa mashine, na aliyefungiwa pwani hawezi kueleza ni chombo gani kigeni kilichopita usiku.