Mtepe wa Lamu na Mikono Iliyoushona

Katika Surat Ash-Shuura, Mwenyezi Mungu Mtukufu ameyataja majahazi yendayo baharini kuwa miongoni mwa ishara Zake. Sisi watu wa pwani twaisoma Sura hiyo huku tumeipa bahari kisogo, na ni wachache katika watoto wetu wawezao kutaja sehemu tatu za chombo.

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika Turathi za Dunia mwaka 2001, uliishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba, vikiwa na tende, samaki wakavu na mazulia. Kusi ilivirudisha vikiwa vimesheheni boriti za mikoko za kuezekea nyumba za nchi zisizo na miti. Bahari hiyo hiyo ilileta na elimu: Al-Habib Swaleh, muasisi wa Riyadha, alitoka Ngazija.

Lakini chombo kilicho chetu hasa ni mtepe, uliojengwa katika visiwa vya Lamu. Haukuwa na msumari. Mbao zake zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka uliosukwa. Ulipoparamia fungu la mchanga, ulinepa badala ya kupasuka.

Hapa twawaomba akina mama watusikilize. Vikitajwa vyombo, husifiwa nahodha na fundi. Ni nani aliyefukia makumbi katika matope ya pwani, akayangoja kwa miezi, akayafukua, akayaponda na kusokota kamba? Katika pwani yetu kazi hiyo imekuwa mikononi mwa wanawake, kama ilivyo kazi ya kusuka ukili. Bila kamba, mbao za fundi zingebaki mbao.

Kabla ya kufika katikati ya karne ya 20, mtepe ulikuwa umetoweka. Leo twauona kwa sampuli ndogo katika makumbusho. Haukuzama, bali uliachwa. Sisi tuliosomea chuoni twajua kwamba elimu ikikosa mwanafunzi huzikwa pamoja na mwalimu wake.

Majahazi na mashua bado yaundwa Matondoni, na fundi hufundisha kwa jicho na mkono, si kwa karatasi. Lakini boti za faiba zaongezeka, na vijana wa kushika tezo wapungua. Yaliyoufika mtepe hayako mbali na jahazi.

Basi wazazi wenzetu, baada ya Alasiri, mchukueni mtoto hadi ufuoni. Mwonyesheni mkuku, mlingoti, foromali na usukani. Nyumbani, bibi akiwa bado ashika ukili, mketisheni binti kando yake ajifunze angali yuhai. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuihifadhi amana tuliyoachiwa. Wabillahi tawfiq.