Saratani ya Watoto wa Bungoma: Dawa Mpya Zinashonwa kwa Kipimo cha Nani?

Mji wa Kitale uko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Ukiteremka kwa njia ya Kiminini na Webuye mpaka Bungoma, unafika kwenye mita 1,400 hivi. Joto limezidi, na mbu wa malaria pia. Tofauti hiyo ya mwinuko ina uhusiano na saratani moja ya watoto ambayo hata sisi wa Pwani, tulioishi na malaria miaka yote, yatupasa kuijua.

Saratani yenyewe inaitwa limfoma ya Burkitt. Mtoto huvimba taya au tumbo, na uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji Kampala, akaandika habari za uvimbe huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ilidhihirika kwamba upande wetu huu wa Afrika uvimbe huadimika ukipita mita 1,500. Kwa kipimo hicho, Bungoma imo na Kitale iko nje.

Mwaka 1964 watafiti wa London walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda, kikaitwa Epstein-Barr. Karibu sote tunacho kirusi hicho na hakitudhuru. Lakini malaria ya mara kwa mara humchosha mtoto kinga, na hapo kirusi hupata nafasi.

Sasa, kinga huitambuaje seli mbovu? Chukua mfano wa bandari ya Kilindini. Afisa wa forodha hajui kilichomo ndani ya kontena mpaka sampuli itolewe nje. Seli nazo hufanya hivyo: hukata protini zake vipande vidogo, yaani peptidi, na kuvitandaza nje juu ya sinia iitwayo MHC. Kwa binadamu sinia hiyo huitwa HLA. Askari wa mwili, seli T, hupita wakikagua. Wakiona kipande cha kirusi au cha saratani, huiua seli ile. Askari hatazami kipande peke yake. Hukitazama pamoja na sinia. Kwa ugunduzi huo Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Mwaka huo huo John Altman, Mark Davis na wenzao walionyesha namna ya kuitumia elimu hiyo maabara. Jeni ya HLA hutiwa ndani ya bakteria, bakteria wakaitengeneza protini kwa wingi, kisha ikakunjwa pamoja na peptidi inayotakiwa. Sinia nne huunganishwa na kutiwa rangi inayong'aa. Zikichanganywa na damu, seli T zinazoitambua peptidi ile hunasa, zikahesabika. Kwa njia hiyo mtafiti hujua kama mgonjwa ana askari wa kupambana na saratani yake, na ni kipande kipi kifaacho kulengwa na chanjo au dawa.

Jambo hili latugusa. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2009 uliona kwamba watoto wenye limfoma ya Burkitt walipungukiwa na seli T za kupambana na EBNA1, protini ya kirusi ambayo uvimbe huendelea kuitoa.

Tatizo ni kwamba masinia hayafanani. HLA hurithiwa, na aina zake ni maelfu. Vifaa vingi vya maabara vilianza kwa aina iitwayo A*02:01, iliyo ya kawaida kwa Wazungu. Dawa ya tebentafusp, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa saratani moja ya jicho, humfaa mwenye aina hiyo tu. Wengi wetu hatuna. Ni kanzu nzuri, lakini imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kwa hivyo serikali na vyuo vyetu vipime aina za HLA za watu wa Bungoma, Kilifi na Lamu, na vifaa vitengenezwe kwa aina hizo. Sisi nasi tukiombwa damu ya utafiti tusikimbie, lakini tuulize: inakwenda wapi, itafanya nini, na tiba ikipatikana itatufikia vipi? Hiyo ni haki yetu. Dini yetu imetufundisha kutafuta tiba, na kutafuta ni pamoja na kuuliza.

Hadi siku hiyo, tiba ya kemikali ipo na limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazoitikia vizuri. Nchi tajiri huponya karibu watoto 9 kati ya 10. Huku kwetu wengi hupotea kwa sababu hufikishwa hospitali wamechelewa, baada ya kung'olewa meno au kuzungushwa kwa waganga. Mtoto akivimba taya ghafla na meno yakaanza kulegea, usingoje wiki ipite. Mpeleke hospitali leo.