Pikapu ya Petroli au ya Dizeli? Tazama Mzigo na Kilomita

Ukienda kununua Hilux ya kazi, utachagua petroli au dizeli. Wengi huamua kwa bei ya lita kituoni. Nchini Tanzania bei hiyo hubadilika kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, lakini gari utakaa nalo miaka. Vipimo vya kuangalia ni uzito wa tela na kilomita utakazotembea.

Kuvuta. Injini ya petroli ya lita 2.7 hutoa msokoto wa takriban nyutoni mita 245, tena mpaka ifike mizunguko 4,000 kwa dakika. Dizeli ya lita 2.4 yenye tabo na gia otomatiki hutoa 400 ikiwa kwenye mizunguko 1,600 tu. Ukipanda mlima Kitonga kuelekea Iringa na tela, ya petroli italazimika kushuka gia na kunguruma. Isitoshe, injini isiyo na tabo, kama hiyo ya petroli, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Iringa iko juu ya mita 1,500.

Mafuta. Tuchukulie petroli inakula lita 12 kwa kilomita 100, dizeli lita 9, na kila lita ni shilingi 3,000. Dizeli inaokoa shilingi 90 kwa kilomita. Ikiwa bei yake ilizidi ya petroli kwa shilingi milioni 9, fedha hiyo itarudi baada ya kilomita 100,000. Anayetembea kilomita 40,000 kwa mwaka ataifikia ndani ya miaka mitatu. Wa kilomita 10,000 atangoja miaka kumi. Weka bei za kwako, upige upya.

Matengenezo. Hapa petroli inashinda. Plagi ni rahisi kubadilisha na fundi yeyote anaziweza. Dizeli za kisasa zina nozeli na pampu zisizovumilia maji wala uchafu, na vipuri vyake ni ghali. Badilisha filta kwa wakati na usinunue mafuta ya madumu.

Basi, kwa mizunguko ya mjini na mzigo mwepesi, chukua petroli. Kwa tela nzito, milima na safari ndefu za kila wiki, chukua dizeli. Kwa vyovyote, soma kwenye kitabu cha gari uzito wa juu unaoruhusiwa kuvutwa, na tela nzito iwe na breki zake yenyewe.